Sikuomba Kustaafu

Malika binti Fadul alikuwa amepiga taipu majina kumi na manane alipokutana na lake.

Hakuwa na mazoea ya kusoma alichokuwa akikiandika. Kwa miaka kumi na tisa ndani ya wizara ile vidole vyake vilikwenda mbele peke yao huku akili ikiwa kwingine, kwenye bei ya unga, kwenye karo ya mwanawe Yasin, kwenye mgongo wa mama yake uliokuwa ukimsumbua tangu mvua zianze. Lakini jina la mtu mwenyewe halipitwi hivyo. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa Bwana Musyoka, afisa wa wafanyakazi: 19. Malika Fadul, mpiga taipu. Juu ya ukurasa kulikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari mara mbili: Watumishi Walioomba Kustaafu Mapema kwa Hiari Yao.

Akasoma kichwa hicho mara tatu. Kisha akahesabu majina yote. Yalikuwa thelathini na moja. Akaichomoa karatasi kwenye mashine, akaikunja pamoja na ile ya kalamu, akashuka ngazi mpaka ofisi ya Musyoka.

"Bwana Musyoka, kuna makosa kwenye hii orodha."

"Makosa gani?"

"Namba kumi na tisa. Mimi sijaomba kitu."

Musyoka akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Mume wa Malika alipofariki, ni yeye aliyepitisha bahasha ya mchango ofisini, na alikuja mwenyewe hadi Makina, kule Kibera, akakaa kwenye mkeka na wazee wa Kinubi mpaka dua ikaisha. Sasa alitazama mlango.

"Funga hapo, Mama Yasin. Keti."

Malika akafunga, lakini hakuketi.

"Serikali ina deni mpaka hapa," Musyoka akasema, akionyesha shingo yake kwa kiganja. "Imekopa ya barabara, imekopa ya mabwawa, imekopa ya kulipia riba ya ile iliyokopa kwanza. Sasa hao wanaotukopesha wamesema hawatoi shilingi nyingine mpaka tupunguze watu. Wanasema tuko wengi kuliko uchumi wetu. Ujumbe wao unafika tarehe ishirini na nane, na wizara imeahidi watu thelathini na mmoja kutoka idara hii peke yake."

"Na waliojitokeza ni wangapi?"

Musyoka akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari. "Wanatosha."

"Kama wanatosha, mimi nimeingiaje?"

"Utapata kiinua mgongo cha elfu arobaini. Pesa taslimu, mara moja, na pensheni yako juu yake. Ukikataa saa hii, mwaka ujao watakuja na ya lazima, na hiyo haitakuwa na elfu arobaini. Nakwambia kama dada yangu."

Malika alizijua elfu arobaini. Mshahara wake ulikuwa elfu tatu na mia moja, na mwaka uliopita bei zilikuwa zimepanda mpaka akaanza kununua sukari kwa kijiko pale dukani. Elfu arobaini ni mabati mapya juu ya nyumba ya mama yake. Ni Yasin kumaliza kidato cha nne bila kurudishwa nyumbani. Kwa muda mfupi, akiwa amesimama pale, alizitamani, na hakujidanganya kuhusu hilo.

"Ningekuwa nataka, ningeomba," akasema hatimaye. "Hapa imeandikwa hiari. Hiari ni yangu ama ni yenu?"

"Mama Yasin, hilo ni neno tu."

Hapo ndipo alipokosea Musyoka. Baba yake Malika, mzee Fadul, alizaliwa Kibera, na babu yake alikuwa askari aliyeletwa na Mwingereza kutoka Sudan, akaambiwa ardhi hii ni yenu, jengeni, msiwe na wasiwasi. Waliambiwa tu. Hakuna aliyewaandikia. Mzee Fadul aliishi miaka sabini akiliamini neno hilo, akafa bila cheti chochote cha kiwanja ambacho baba yake alizikwa karibu nacho, na kila serikali iliyoingia ilimwita mtu wa muda. Binti yake alijifunza taipu kwa sababu hiyo. Alitaka kukaa mahali ambapo maneno yanaandikwa.

Musyoka akadhani ukimya wake ni dalili ya kulegea. Akavuta faili, akalifungua mbele yake.

"Tazama mwenyewe. Wenzako wameelewa. Hata Risper, yule wa kufagia, ameelewa."

Ilikuwa fomu ya ukurasa mmoja. Jina: Risper Aoko. Kazi: mfagizi. Chini kabisa, mahali pa sahihi, palikuwa na alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau.

Malika akaitazama alama hiyo kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa, basi. Lakini isipite hapo."

Jioni hiyo hakurudi Kibera moja kwa moja. Alikwenda Kawangware, akashuka pale steji ya Fifty-Six, akapita kati ya saluni na maduka ya misumari mpaka kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili alikokuwa akiishi Risper na wanawe. Jua lilikuwa bado halijazama. Risper alikuwa ameinama juu ya jiko akikaanga dagaa wa omena, na alipoinua kichwa alicheka.

"Mama Yasin, umepotea njia ama umenikumbuka?"

"Nimekukumbuka. Mama Billy, wewe umeomba kustaafu?"

Risper akacheka tena, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Nistaafu niende wapi? Billy ako darasa la saba."

"Jina lako liko kwenye orodha. Na kuna fomu kwenye faili yako. Imewekwa kidole."

Risper akaipua sufuria, akapangusa mikono kwa leso, akaingia ndani. Malika akamfuata. Ukutani, kando ya kalenda ya kanisa, kulikuwa na cheti ndani ya fremu ya kioo: Risper Aoko, aliyehitimu masomo ya watu wazima. Miaka miwili mizima, kila alipomaliza kufagia orofa ya tatu na ya nne, Risper alikuwa akienda darasa la ngumbaru akiwa na daftari chini ya kwapa, na vijana wa pale steji walikuwa wakimwita mwanafunzi. Siku ya mshahara wa kwanza baada ya cheti hicho alikataa kuchovya kidole kwenye kibweta cha wino kama zamani. Aliomba kalamu, akaandika jina lake polepole mbele ya keshia, na foleni nzima ikamngoja.

Sasa alichukua penseli ya mwanawe, akaandika jina lake kwenye ukingo wa gazeti, akamsogezea Malika.

"Hiyo ndiyo sahihi yangu," akasema. "Kidole nimewacha tangu themanini na tisa. Nani ameniwekea kidole?"

"Sijui ni nani. Najua kwa nini. Wanatafuta watu thelathini na mmoja, na hawakuwapata."

"Kwa hivyo wakaokota mfagizi, wakajua hatasoma."

"Na mpiga taipu, wakajua amezoea kutosoma."

Risper akaketi kitandani. Malika alikuwa amemwona akiwa na njaa, na alikuwa amemwona akizika mtoto, lakini hakuwahi kumwona na uso ule. Haukuwa wa huzuni.

"Kesho nafagia orofa zote mbili," Risper akasema. "Na wenzangu wanafagia zile zingine. Nipe hayo majina, nitajua nani aliomba na nani hakuomba kabla ya saa kumi."

Ilimchukua siku mbili. Mfagizi huingia kila ofisi na hakuna anayekatiza mazungumzo kwa ajili yake, na wala hakuna anayeshangaa akisimama kidogo kando ya meza ya tarishi au jikoni kwa wapika chai. Watu ishirini na wawili walikuwa wameomba kweli. Wengine waliomba kwa furaha. Dereva mmoja alikuwa tayari amenunua ng'ombe kwa mawazo. Hao Malika hakuwa na neno nao. Lakini tisa hawakuwa wameomba. Kati ya hao tisa, wawili waliposikia habari walitulia, wakasema basi na iwe, pesa ni pesa, na wakaenda wenyewe kwa Musyoka kujaza fomu halali. Wakabaki saba: Malika, Risper, tarishi mmoja aliyeitwa Ogola, Lenah wa chai, na walinzi watatu wa getini.

Jumatano baada ya kazi wote saba walikutana Kawangware, kwenye kibanda cha Wakarima. Wakarima alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye mashine moja ya taipu na kibao cha mbao kilichoandikwa BARUA, MIKATABA, VYETI. Malika alimwomba mashine kwa saa moja.

"Lipa karatasi tu," Wakarima akasema. "Na mimi nitakaa hapa nisikilize."

Barua za ofisi huandikwa kwa Kiingereza, na Ogola aliyezibeba kwa miaka kumi na minne alitarajia hivyo. Malika akakataa.

"Kila mtu atatia sahihi kitu anachokielewa," akasema. "Tumefika hapa kwa sababu ya karatasi ambazo wenyewe hawakuzisoma."

Akaingiza karatasi mbili na kaboni katikati. Akapiga, na alipomaliza akawasomea, na Risper akamwambia angoje, akaisoma mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho:

Mimi, Risper Aoko, mfagizi, sikuomba kustaafu. Fomu iliyo kwenye faili langu sikuijaza mimi, na alama ya kidole iliyo juu yake si yangu. Naomba jina langu liondolewe kwenye orodha. Serikali ikitaka kuniondoa, iniondoe kwa jina lake, isiniondoe kwa jina langu.

"Hapo mwisho," Risper akasema, "hapo ndipo panapo maneno."

Chini ya sahihi Malika akapiga mstari mwingine. Miaka yote hiyo alikuwa ameona maafisa wakiruka mwili wa barua na kukimbilia chini kuona nani mwingine amepelekewa. Akaandika: Nakala kwa: Katibu Mkuu. Nakala kwa: Ujumbe wa Wakopeshaji, kwa mkono.

Wote wakainama juu ya mstari huo.

"Hiyo ya mwisho itafikaje?" Lenah akauliza.

"Itafika," Ogola akasema. "Hoteli watakayokaa naijua. Nimepeleka bahasha zao huko jana."

Alhamisi saa tatu asubuhi wote saba walisimama mbele ya dirisha la masijala, mahali barua za wizara zinapopokelewa. Kila mmoja alikuwa na barua yake na nakala yake. Karani akachukua ya kwanza, akaitazama, akairudisha.

"Ya Kiswahili hatupokei."

"Nionyeshe waraka unaosema hivyo," Malika akasema. "Nyaraka za ofisi hii nimezipiga mimi tangu sabini na tano. Huo sijauona."

"Wacheni hapo basi, nitazipeleka."

"Tutaziacha ukishagonga mhuri. Kwenye barua na kwenye nakala."

"Madam, mko saba."

"Ndiyo. Ni mihuri kumi na minne. Tutangoja."

Nyuma yao foleni ilikuwa ikirefuka. Tarishi wa idara nyingine akauliza kuna nini, na mlinzi mmoja akamweleza kwa sauti isiyo ya siri. Karani akaangalia kulia na kushoto, akavuta mhuri. Uligonga mara kumi na nne, na kila mara Malika aliona tarehe ikikaa sawa kwenye karatasi. Walikunja nakala zao wakaondoka kwenda kazini, maana saa za kazi zilikuwa zinaendelea.

Saa nane Malika akaitwa orofa ya saba, kwa Naibu Katibu. Aliitwa peke yake. Walipanda wote saba. Katibu muhtasi alijaribu kuwazuia mlangoni, na Risper akamwambia kwa upole kwamba hata hilo zulia amelifagia yeye siku zile za zamu, halitamshangaa.

Naibu Katibu alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani, na hakupandisha sauti. Musyoka alisimama kando ya dirisha, mikono nyuma. Barua saba zilikuwa mezani.

"Nani aliandika hizi?"

"Mimi nilipiga taipu," Malika akasema. "Kila mmoja alitia sahihi yake."

"Unajua hii nchi iko katika hali gani?"

"Naijua hali yangu. Sijui kama ni ile ile."

"Basi nikueleze." Akavua miwani. "Mshahara wako wa mwezi huu serikali imekopa ili ikulipe. Wa mwezi ujao tutakopa. Kuna hospitali hazina dawa kwa sababu pesa zinakwenda kwa mishahara na riba. Hao wageni wakiondoka bila kutia sahihi, shilingi itaanguka tena, unga utapanda tena, na wa kwanza kulia mtakuwa ninyi mnaokaa Kibera na Kawangware, si mimi. Na ninyi mnataka kuharibu hayo kwa sababu ya fomu."

Malika alimsikiliza mpaka mwisho. Alijua kwamba sehemu kubwa ya alichosema ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

"Bwana Naibu, mimi sikatai kwamba kuna deni," akasema. "Barua za hilo deni nimezipiga. Sijaona mahali palipoandikwa tulikula nini. Lakini pale chini kuna magari matatu mapya yenye karatasi bado kwenye viti. Hati ya kuyaagiza niliipiga mwezi wa pili. Bei ya moja ni mshahara wangu wa miaka thelathini. Sasa kama lazima mtu apunguzwe, sawa, nipunguzeni. Simameni mseme tumempunguza Malika, tumempunguza Risper, kwa sababu tumeshindwa kulipa. Mnachotaka ni tuseme sisi ndio tulichoka na kazi. Mnataka deni liwe lenu na aibu iwe yetu."

Naibu akavaa miwani tena. Lenah hakuwa ameshusha macho.

"Na hii nakala ya wageni?" Naibu akauliza. "Imekwenda?"

"Bado," Ogola akajibu kutoka nyuma. "Ninayo."

"Mnataka nini?"

"Majina saba yatoke," Malika akasema. "Na fomu zenye vidole zichanwe hapa, tuone."

Naibu Katibu akamgeukia Musyoka. "Zilete."

Musyoka alizileta. Alizichana mwenyewe, moja baada ya nyingine, juu ya kapu la takataka, na alipofika ya Risper, Risper alinyoosha mkono.

"Hiyo nitaichana mimi."

Musyoka akampa. Risper akaichana vipande vidogo vidogo, bila haraka, akavitia mfukoni mwa koti lake la kazi.

Orodha mpya ilipigwa taipu jioni hiyo, na Malika ndiye aliyeipiga. Ilikuwa na watu ishirini na wanne. Tarehe ishirini na nane ujumbe ulikuja ukakaa siku tatu. Lenah, aliyewapelekea chai, alisema mgeni mmoja aliuliza kwa nini ishirini na wanne na si thelathini na mmoja, na Naibu Katibu akamjibu kwamba wengine hawakutaka. Mgeni akaandika kwenye daftari lake, akaongeza maziwa.

Hapo wangeweza kudhani yameisha. Jumatatu iliyofuata Malika aliingia ofisini akakuta meza yake tupu. Mashine ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, akaambiwa, ingawa haikuwa na ubovu wowote. Haikurudi. Hakuna aliyemletea karatasi, na hakuna aliyemtuma. Kwa wiki tisa alifika saa mbili kamili, akatia sahihi kwenye kitabu cha mahudhurio, akaketi mbele ya meza tupu, na saa kumi na moja akaondoka. Maafisa walipita bila kumtazama. Lakini matarishi na walinzi walianza kumletea karatasi zao wakati wa chai: barua ya ushirika, barua ya shule, makato ya mshahara ambayo hayakuelezeka. Alizisoma na kuwaeleza, na palipohitaji jibu alijibu kwa mkono. Katika wiki ya tano meza yake ilikuwa na foleni.

Katika wiki ya tisa Musyoka alikuja. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, akaweka fomu mezani ikiwa imefunikwa kwa kiganja chake.

"Imeamuliwa uondoke, Mama Yasin. Nimepigania mpaka hapa. Ukiijaza hii kwa tarehe ya mwezi wa sita, utahesabiwa pamoja na wale ishirini na wanne. Elfu arobaini utapata, na pensheni yote. Usipoijaza utatolewa kwa barua, na barua hiyo haina kitu isipokuwa kurudishiwa makato yako mwenyewe. Nakuomba. Fikiria mtoto."

"Nitakujibu kesho," Malika akasema.

Nyumbani Makina, Fatna, mama yake, alikuwa ameketi barazani akisuka tabaga, zile kawa za rangi ambazo Wanubi hufunikia chakula. Alisikiliza habari yote bila kuinua mikono kwenye kazi.

"Elfu arobaini ni mabati," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na karo ya huyu kijana."

"Ndiyo."

Fatna akapitisha ukindu mwekundu, akauvuta, akaukaza. Miaka yake ilikuwa sabini na minane na macho yake bado yalitunga sindano. "Baba yako angeijaza," akasema. "Angeambiwa neno zuri na yule bwana, angesema asante, angeijaza. Nilimpenda sana baba yako." Akachukua ukindu mwingine. "Wewe usiijaze."

Asubuhi Malika alimrudishia Musyoka fomu ikiwa nyeupe vile vile.

"Andikeni kwamba mmenitoa," akasema. "Nitaichukua barua hiyo."

Ilifika Ijumaa, mistari minne ya Kiingereza. Ilisema kwamba wizara imemwondoa Bi Malika Fadul kazini kwa manufaa ya umma kuanzia siku hiyo. Aliisoma akiwa amesimama, akahakikisha jina, tarehe na mhuri, na juu ya yote akahakikisha nani alikuwa amefanya tendo katika sentensi ile. Alikuwa mwajiri. Akaikunja, akaitia ndani ya mkoba.

Wafanyakazi walioondolewa walikuwa na desturi ya kutokea mlango wa nyuma, kwenye majalala, jioni wenzao wakishaondoka. Ilikuwa saa tano asubuhi. Malika alishuka kwa ngazi kuu. Kwenye orofa ya nne Risper aliegemeza fagio ukutani akamfuata. Kwenye ya tatu Lenah aliacha birika. Ogola akatokea na mkoba wake wa barua begani. Walipofika ukumbi wa chini walinzi watatu walikuwa wamefungua milango yote miwili, ile mikubwa ya vioo ambayo hufunguliwa waziri akija. Naibu Katibu alikuwa akiingia wakati huo kutoka kwenye gari. Walikutana katikati ya ukumbi, na kwa kuwa yeye alikuwa mmoja na wao walikuwa saba, ni yeye aliyesogea kando.

Nje kulikuwa na jua kali. Risper alimshika mkono.

"Utaenda wapi sasa, Mama Yasin?"

"Leo naenda kuswali, ni Ijumaa. Jumatatu niko Kawangware kwa Wakarima, tumeelewana nusu kwa nusu. Yeyote mwenye karatasi asiyoielewa, mlete. Na wewe rudi juu kabla hawajasema umetoroka kazi. Mshahara wako tumeupigania, usiuache hapa mlangoni."

Risper akarudi. Akapanda ngazi kuu, si zile za nyuma.

Muhula huo Yasin alikaa nyumbani miezi miwili kwa kukosa karo, akauza mitumba soko la Toi pamoja na binamu yake mpaka mama yake alipopata ya kutosha. Mabati ya Fatna yalivuja msimu mzima, na beseni lilikaa katikati ya chumba. Malika hakuwahi kusema kwamba hayakumuuma. Lakini pale kwa Wakarima, watu wa ofisi nyingine walioahidiwa elfu arobaini na hawajaziona walianza kufika, kwanza wawili watatu kwa wiki, baadaye kumi, wakiwa na bahasha za kaki mikononi. Aliwakalisha kwenye benchi, akawauliza mambo kwa utaratibu, akawaandikia kwa Kiswahili, kaboni katikati, na mwisho wa kila barua akahakikisha mstari wa nakala umejaa.